Niwekee Saa Zangu

Watu wa jengo lile walikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawakupenda kudaiwa. Ukimpa mtu chumvi asubuhi, jioni anakurudishia chumvi na kitunguu juu yake, na wewe huna raha mpaka umpelekee nyanya mbili. Watu wa namna hiyo ukiwaanzishia chama cha kusaidiana kwa saa, unategemea nini? Lakini twende taratibu.

Chama kiliitwa Saa kwa Saa. Aliyekianzisha ni Mwalimu wa ghorofa ya chini, mstaafu aliyefundisha hesabu mpaka sauti ikamkauka, ambaye hata akikusalimia unahisi anakusahihisha. Sheria ilikuwa moja tu. Ukimfanyia jirani kazi ya saa nzima, yeye anavua pete moja ya pazia kwenye msumari wake na kuivisha kwenye wako. Ubao wenye misumari, kila nyumba na wa kwake, ulitundikwa pale mlangoni pa kuingilia, karibu na mita za umeme, na juu yake Mwalimu akaandika kwa rangi nyekundu: AKIBA HAIOZI. Kila nyumba ilianza na kishada cha pete. Saa ya kuziba bomba ilikuwa sawa na saa ya kuosha vyombo, na saa ya kushona sawa na saa ya kumpakata mtoto wa watu ili mama yake apate usingizi.

Pete zenyewe zilitoka kwa Shangazi Pindo. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sugu kwenye kidole cha kati kwa kusukuma sindano. Jina la Pindo alilipata kwa kuwa hakuweza kukaa na mtu ambaye pindo la nguo yake limefumuka. Utakuwa unamweleza habari za msiba, macho yake yako kwenye suruali yako. "Vua hiyo," atakwambia, na utavua.

Alishona jengo zima. Sare za shule, mapazia, foronya, koti la Mwalimu ambalo lilikuwa limeshageuzwa ndani nje mara moja na likageuzwa tena. Pete zikajaa kwenye msumari wake mpaka Mwalimu akapigilia wa pili, halafu wa tatu. Kutoa ndiko alikokujua. Kupokea, hapana. Kinyozi wa ghorofa ya pili alipokuja na ndoo ya chokaa kutaka kumpakia ukuta, alimsimamisha mlangoni.

"Ukuta bado unavumilia," alisema. "Niwekee."

Neno likapendwa. Ndani ya muda mfupi jengo zima likawa halisemi lingine. Mama Pacha aliyekuwa anapika vizuri akiambiwa aje asaidiwe kufua, anasema niwekee. Kinyozi akiambiwa aletewe maji, niwekee. Kila mmoja alitaka msumari wake ujae, na kila mmoja aliona haya kuonekana anachukua. Waliochukua bila haya walikuwa wapangaji wenye watoto wadogo, waliokuwa hawana jinsi: leo mtoto ana homa, kesho bomba limepasuka. Hao misumari yao ilibaki mitupu, na wazee wakiipita wanatikisa vichwa kidogo.

Shangazi Pindo alikuwa na sababu yake, na hakuificha. Mungu hakuwajalia mtoto, yeye na mume wake. "Wenzangu wameweka watoto," alikuwa anasema huku anatia uzi kwenye sindano. "Mimi naweka saa. Hamadi kibindoni."

Mume wake aliitwa Tingatinga, kwa kazi na kwa umbo. Miaka yote aliendesha tingatinga la kuchonga barabara, na mwili wake ukaiga chombo. Akikaa kwenye kochi, aliyekaa upande wa pili anainuka bila kupenda. Alikuwa mtu wa maneno. "Bibie," alimwambia mke wake, "hizo pete siku moja utazikaanga na vitunguu?" Naye anajibu, "Siku utakapolala kitandani huwezi kuinuka ndiyo utajua zinaliwaje." Ulikuwa utani, na walicheka wote wawili.

Asubuhi moja Tingatinga alikuwa anavaa viatu. Cha kushoto alikifunga kamba. Cha kulia hakukifikia. Shangazi Pindo alisikia kishindo, akadhani kabati limeanguka.

Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, upande wa kulia umekufa ganzi, ulimi mzito kiasi kwamba mke wake peke yake ndiye aliyemwelewa. Muuguzi wa zahanati akaanza kuja kumwangalia. Alikuwa binti mwenye uso mwema na maneno makavu, hakujua kupaka mafuta jambo.

"Mama, mzee huyu asilalie upande mmoja," alisema. "Ageuzwe mchana kutwa, kila baada ya muda mfupi, na usiku pia. Ngozi ya mgongoni ikifunguka, kwa uzito huu kidonda hakitafunga tena. Ikifika hapo mimi sina la kufanya, nitamwandikia kituo."

Kituo walikijua. Kilikuwa nje ya mji, nyumba ndefu nyeupe ya wagonjwa wa kitandani, ndugu wanaingia siku moja tu kwa wiki na kengele ikilia wanatoka. Wenyewe walikuwa watu wema. Ila aliyekwenda kule harudi, na Tingatinga alikuwa amewazika rafiki zake wawili waliotokea kule.

Muuguzi alipoondoka, Tingatinga aliushika mkono wa mke wake kwa ule mkono wake mzima. "Nisiende," alisema. Alilisema polepole ili litoke vizuri.

"Huendi," alisema Shangazi Pindo. "Nilikuwa nazifanyia nini saa zote zile? Huendi mahali. Nakuahidi."

Akateremka ngazi siku hiyohiyo, akagonga kwa Mwalimu.

"Nataka saa zangu," alisema.

Mwalimu, maskini, alifurahi. Tangu chama kianze hajawahi kupata mtu wa kuchukua kwa mkupuo, na alikuwa ameanza kuogopa kwamba chama kimelala. Alimkalisha, akavaa miwani. "Zote?"

"Zote. Nataka mikono. Mimi peke yangu siwezi kumgeuza yule mtu, Mwalimu, hata nikijikaza kisabuni. Kila mara nataka watu watatu pamoja na mimi. Basi."

"Basi tu? Hilo ni jambo dogo," alisema Mwalimu, na aliamini alichosema.

Kwa kweli hakuna aliyekataa. Siwezi kuwasingizia. Mwalimu alipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulisema ndiyo kabla hajamaliza. Shangazi Pindo usiku kucha hakulala, alikuwa kwenye cherehani. Alichukua turubai jepesi, akalikunja mara mbili, akalishonea mishikio sita ya mkanda wa begi, kila mshikio umepigwa mishono mitano ya kurudia. Lilikuwa la kutandikwa chini ya mgonjwa: watu wanashika mishikio, wanavuta, anageuka bila kuchubuka. Muuguzi alipoliona alisema hata hospitali hawana zuri kama lile. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kiatu Shangazi Pindo alikula akashiba.

Kesho yake wasaidizi wakaja. Alikuja Mwalimu na nyonga yake, ile iliyomfanya apande ngazi kimbavumbavu. Alikuja Kinyozi, ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na wateja wake wa siku hizi walikuwa wale tu waliomwonea haya kumhama. Alikuja Mama Pacha akihema, kwa sababu ya shinikizo la damu, akaomba kwanza akae. Pacha wake walikuwa wameoa zamani, kila mmoja na nchi yake. Shangazi Pindo akawatazama wamesimama kuzunguka kitanda, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua kitambaa alichonunua kwenye mwanga hafifu. Wote walikuwa wamekula chumvi nyingi. Alikuwa anawaona kila siku, na kila siku alikuwa hawaoni.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema Kinyozi, kuwachangamsha.

"Huyu si usufi," alisema Mama Pacha. "Shika."

Wakashika. Mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu, wakavuta. Tingatinga akainuka upande mmoja, akasita pale katikati ya kwenda na kurudi, uso wake umekunjamana, kisha akaenda. Wakaachia. Mwalimu akaegemea ukuta macho yamefumba. Kinyozi akacheka kicheko cha kukosa pumzi. Tingatinga kutoka kwenye mto akasema kitu.

"Anasemaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Anasema angekuwa na chombo chake angewageuza nyinyi," alisema Shangazi Pindo, na wote wakacheka, hata yeye. Wakapumzika. Muda si muda ikawa wakati wa kumgeuza tena.

Siku za mwanzo walijitahidi hivyo. Walikuja, walivuta, walienda kulala. Halafu Kinyozi akavuta vibaya, kiuno kikalia, akabebwa yeye kurudishwa juu. Mama Pacha akaanguka kizunguzungu kwenye ngazi, daktari akamkataza kushika kitu kizito kuliko sufuria. Mwalimu aliendelea peke yake na Shangazi Pindo, anavuta na machozi ya maumivu yanamtoka, mpaka siku nyonga ilipokataa kabisa. Wengine wa jengo walikuja zamu mojamoja, na kila aliyekuja alikuwa na kiungo kimoja cha kuombea msamaha. Walikuwa wanaona aibu, na aibu yao ndiyo iliyomchosha Shangazi Pindo kuliko kazi. Ilibidi awatulize yeye, huku mtu wake amelalia mgongo.

Mwalimu akajikongoja na fimbo hadi ghorofa ya juu kuwaomba wapangaji wapya, vijana wanaotoka alfajiri na kurudi usiku. Walimpokea kwa heshima, wakampa kiti. Mmoja alikuja kweli mara mbili tatu, akamgeuza mzee vizuri kabisa, halafu kazini wakambadilishia zamu.

"Utalipwa saa," Mwalimu alimwambia.

"Najua, mzee wangu," alisema yule kijana. "Lakini hizo saa nitazifanyia nini? Nikitaka kunyolewa nanyolewa njiani. Nguo nanunua zimeshonwa." Hakusema kwa dharau. Alikuwa anaeleza tu.

Kukodi mtu ilikuwa nje ya uwezo wao, pensheni yote ilikuwa inaishia kwenye dawa na kodi ya nyumba. Basi majirani wakafanya walichoweza. Kinyozi, kiuno kimefungwa mshipi, aliteremka ngazi kwa makalio kila siku, ngazi moja moja, kuja kumnyoa Tingatinga ndevu, na kwa mikono ile ilichukua asubuhi nzima. Mama Pacha akapika vitu laini. Mwalimu akaja na gazeti akamsomea mpaka matangazo. Hakuna mgonjwa aliyekuwa amenyolewa vizuri kama yule, amelishwa kama yule, anajua habari za dunia kama yule. Na hakuna aliyeweza kumgeuza.

Shangazi Pindo alijaribu peke yake. Alifunga mishikio ya turubai kwenye mkanda, mkanda akaupitisha kwenye nondo za dirisha, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote. Tingatinga aliinuka kidogo, mishono ikashika, nguvu za mke wake zikaisha. Akarudi chini palepale. Akajaribu tena. Tingatinga akamwambia aache, akaacha.

Alikiona kidonda alipokuwa anamwosha. Mwanzo kilikuwa doa jekundu lisilofifia. Baadaye kikafunguka.

Aliteremka hadi mlangoni, akasimama mbele ya ubao. Mwalimu alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake, fimbo mapajani.

"Nitafutie mwenye msumari mtupu," alisema. "Aliyetumia saa zake, sasa azitoe. Niambie ni nani, nitakwenda mwenyewe kumpigia magoti."

Mwalimu hakuhitaji kugeuka. "Wamehama, Shangazi."

"Wote?"

"Wote. Ndio waliokuwa na watoto wadogo. Watoto wamekua, wakatafuta nyumba kubwa. Walitumia saa zao zote."

"Na sisi?"

"Sisi tuliweka."

Shangazi Pindo akautazama ubao. Msumari wa Mwalimu ulikuwa umejaa. Wa Kinyozi ulikuwa umejaa. Wa Mama Pacha ulikuwa umeinama kwa uzito. Wote walikuwa wamejiwekea kwa wenzao, wote kwa siku ileile, na siku ikawa imewafikia pamoja. Ina maana wakati Kinyozi bado ana mikono, alikuja na chokaa, naye akamrudisha mlangoni. Ina maana walikuwa na nguvu, wakawa wanakataliana.

"Mwalimu wa hesabu," alisema. Hakupandisha sauti. "Umefundisha hesabu maisha yako yote."

"Nisamehe," alisema Mwalimu.

"Sina hasira na wewe," alisema Shangazi Pindo. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na hasira na jengo zima, na zaidi ya wote alijichukia yeye mwenyewe na lile neno lake. Alipanda ngazi kwa sababu ilikuwa wakati wa dawa.

Kwa muuguzi alijaribu kuficha. Ndiyo, alijaribu, nani asingejaribu? Alitandika shuka mpya, akachoma ubani, akamvika mume wake shati la kufungwa hadi shingoni. Muuguzi alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja tu, akavua begi.

"Nisaidie tumgeuze, mama," alisema.

Wakamgeuza, wawili hao, kwa shida. Muuguzi aliangalia kidonda, akasafisha, akafunika. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka mikono mapajani.

"Si kosa lako," alisema.

"Usimwandikie. Nipe siku chache. Nitapata watu."

"Mama. Watu gani?"

Shangazi Pindo akaanza kuwahesabu kwa vidole. Majina yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya watu waliokuwa wanashuka ngazi kwa makalio.

Gari la kituo lilikuja mchana. Majirani walikuwa wametoka wote, wamepanga mstari kwenye korido na kwenye ngazi, nguo zao safi, kama watu wanaosubiri mgeni. Mwalimu alikuwa amevaa koti lake. Vijana wawili wakapanda na machela. Hawakuwa wakubwa wa kutisha, vijana wa kawaida tu, mmoja anatafuna bazoka. Wakaliona turubai la mishikio, wakalisifu. Mmoja akashika huku, mwenzake kule, wakaitikiana kwa kichwa, na Tingatinga akatoka kitandani akatua kwenye machela. Hata kuhema hawakuhema.

Shangazi Pindo alikuwa amenyoosha mikono kusaidia. Ilibaki hewani.

"Mara moja hivyo?" aliuliza.

"Ni mazoea tu, mama," alisema yule wa bazoka. "Haifiki hata dakika."

Wakashuka naye. Kinyozi akamgusa kichwani alipopita. Mama Pacha alikuwa analia waziwazi, hakujisumbua kujifuta. Nje, gari lilikuwa limefunguliwa nyuma, kitanda ni kimoja, na nafasi ya ndugu haikuwepo. Muuguzi alikuwa amemweleza: aje siku ya wageni, mabasi mawili, aulize pale getini.

Walipotaka kumwingiza, Tingatinga alipeleka mkono wake mzima akakamata gauni la mke wake, hapa kiunoni.

"Ulisema," alisema.

Wengine walisikia mngurumo tu. Yeye alilisikia neno lote, na alijua lilikusudia nini.

"Mzee, tuachie kidogo," alisema kijana, akajaribu kuutoa ule mkono kwa upole. Haukutoka. Mwenzake akaja kusaidia, wakawa wawili. Mkono ule ulikuwa umevuta vyuma vya tingatinga tangu ujana wake, na nguvu zote zilizobaki katika mwili ule mkubwa zilikuwa zimehamia pale. Gauni likaanza kulia kwenye mshono.

"Tusaidie, mama," alisema kijana. "Tutamuumiza."

Shangazi Pindo akainama. Akashika kidole gumba cha mume wake, akakibandua. Kwa vijana Tingatinga alikuwa amekaza. Kwake hakukaza. Alikuwa anamtazama usoni, na akamwachia vidole avitoe kimoja kimoja, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, bila kushindana naye hata kidogo. Shangazi Pindo akaurudisha mkono kifuani pa mume wake na kuufunika. Kijana akafunga mlango wa gari.